Kifua chini ya sweta

Mnada wa Karatu wa tarehe 7 huchangamka mapema. Ng'ombe na mbuzi wako upande mmoja, nyama choma upande mwingine, na katikati mitumba imemwagwa juu ya maturubai. Kando ya jinzi na makoti huwa kuna rundo la sidiria, na hapo wasichana huchagua upesi upesi, bila kupima, wakiangalia nani anapita. Zinazokwisha kwanza ni zile zenye sponji nene. Mwenye kifua kidogo anazitaka hizo ili kionekane. Mwenye kifua kikubwa anatafuta ya kukibana. Mwenye titi moja lililozidi jingine anatafuta ya kuficha tofauti, na huyo ndiye mwenye wasiwasi kuliko wote, maana anaamini kasoro hiyo ni yake peke yake.

Mji wa Karatu uko takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Huku sweta la shule ni vazi la lazima asubuhi. Lakini katika kila darasa la sekondari yupo msichana asiyelivua hata saa saba mchana jua likiwaka. Mwalimu hudhani ana homa, au ni mkaidi. Mara nyingi anaficha kifua, na hajapata mtu wa kumwambia kwamba hakuna cha kuficha.

Nianze na kile ambacho angepaswa kuambiwa. Kwa kawaida titi huanza kuota kati ya miaka 8 na 13. Hutangulia kitonge kidogo kigumu nyuma ya chuchu, kinachouma kikiguswa, na mara nyingi hutokea upande mmoja kwanza. Upande wa pili unaweza kusubiri miezi sita au zaidi. Hedhi ya kwanza hufuata baada ya miaka miwili hivi. Wengi hudhani hapo kazi imekwisha, kwamba msichana akishavunja ungo alichonacho kifuani ndicho alichopangiwa. Sivyo. Matiti huendelea kujengeka kwa miaka kadhaa baada ya hapo, kwa wengi hadi miaka 17 au 18, kwa wengine hadi wanapoingia miaka ya ishirini. Vifuko vinavyotengeneza maziwa havikomai kabisa mpaka mwanamke abebe mimba. Binti wa kidato cha tatu anayelia kwa sababu kifua chake hakifanani na cha mwenzake wa dawati moja analilia jambo ambalo bado halijamalizika.

Hatua ambazo madaktari hutumia kupima ukuaji huo zilienea kutokana na kazi ya daktari wa Uingereza, James Tanner. Mwaka 1969 yeye na mwenzake Marshall walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wasichana 192 wa Kiingereza waliolelewa katika makao ya watoto. Kwao titi lilianza kuota wakiwa na miaka 11 na ushei kwa wastani, na hedhi ilikuja karibu na miaka 13 na nusu. Kutoka mwanzo hadi mwisho ukuaji ulichukua wastani wa miaka minne. Ninachokithamini zaidi katika kazi hiyo si wastani, ni jinsi wasichana wale walivyotofautiana. Wapo waliokimbia, wapo waliokwenda taratibu kwa miaka mingi, wapo walioruka hatua nzima. Walilelewa katika mazingira yanayofanana, na bado miili yao haikufuata mwendo mmoja. Sasa fikiria darasa moja la Karatu lenye Mwiraqw wa Rhotia, Mmaasai wa Nainokanoka, Mbarbaig wa Endabash na Mhadzabe wa Mang'ola, kila mmoja na ukoo wake, chakula chake na kazi zake za utotoni.

Ukubwa wa titi hutokana na urithi wa pande zote mbili, wa mama na wa baba, na mafuta ya mwili, na homoni. Ndani ya titi hakuna msuli. Ndiyo maana mazoezi hayalikuzi. Hukuza msuli wa kifua ulio chini yake tu. Kiasi cha maziwa nacho hakitegemei ukubwa: titi dogo hunyonyesha mtoto akashiba, kwa kuwa kinachotofautisha dogo na kubwa kwa sehemu kubwa ni mafuta. Matiti mawili ya mtu mmoja hayalingani kamwe kwa usahihi, na tofauti inayoonekana kwa jicho ni ya kawaida kwa wanawake wengi, na mara nyingi hupungua kadiri miaka inavyopita. Vipele vidogo kwenye duara jeusi linalozunguka chuchu ni tezi za kulainisha ngozi. Unywele mmoja au nywele mbili pembeni ya duara hilo, michirizi ya ngozi iliyotanuka haraka, chuchu iliyoingia ndani tangu mwanzo, maumivu yanayokuja siku chache kabla ya hedhi na kuondoka nayo: yote haya ni mwili unaofanya kazi yake.

Nimeyaandika kwa aya mbili tatu tu. Kwa nini basi binti wa miaka 17 anaishi bila kuyajua?

Zamani alikuwa na wa kumwambia. Wairaqw, kabila kubwa la Karatu na Mbulu, walikuwa na unyago wa wasichana ulioitwa marmo. Mabinti walitengwa na jamii kwa muda mrefu chini ya wanawake wazima, wakafundishwa mambo ya mwili na ya nyumba, na wakatoka wamevaa sketi za ngozi zilizodariziwa shanga, kazi ya mikono yao wenyewe. Baadhi ya sketi hizo leo ziko katika makumbusho ya ng'ambo. Marmo ilikoma wakati wa ukoloni. Siililii kila sehemu ya mila ile, lakini palikuwa na nyumba ambamo msichana aliona miili ya wenzake na kusikia sauti ya mwanamke aliyemzidi umri ikimweleza nini kinafuata. Nyumba hiyo ilipofungwa, hakuna aliyejenga nyingine. Shule ilichukua somo la balehe na kuliweka kwenye mchoro wa kitabu cha sayansi, na mwalimu, ambaye mara nyingi ni mwanamume mwenye aibu zake, hulipitia mbio kabla kengele haijalia.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi bado wana sherehe ya wasichana iitwayo maitoko. Hufanyika msimu wa matunda ya porini kuiva. Mabinti hukusanyika, hujipamba kwa shanga, na kuwakimbiza wavulana kwa fimbo. Frank Marlowe, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi nao kwa vipindi vingi na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2010, alieleza kwamba mabinti wa Kihadzabe huvunja ungo wakiwa wamefikia miaka 16 hivi, baadaye kuliko wasichana wengi wa mijini. Mwili unaotembea kila siku kuchimba mizizi na kubeba maji hauna haraka. Tatizo huanza pale binti huyo anapoletwa bweni la shule akiwa na miaka 15, akalala katikati ya wenzake waliokwishamaliza kukua. Hapo ndipo anaitwa mtoto, anaitwa mgonjwa, anaulizwa kama kweli ni wa kike.

Kwa wafugaji wa Kimaasai wa Ngorongoro shida hugeuka upande wa pili. Katika vizazi ambavyo watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, umri wa binti ulisomwa mwilini. Kifua kikianza kuonekana, mazungumzo ya tohara na mahari yalianza. Sheria imekwisha kusema mengi juu ya hilo. Ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, akashinda Mahakama Kuu Julai 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono ushindi huo Oktoba 2019. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Sheria hizi zote zinahesabu miaka. Macho ya wanaume wengi bado yanahesabu kifua. Msichana wa miaka 11 ambaye matiti yake yamewahi ni mtoto wa miaka 11, na mama anayemfunga kanga kifuani kwa nguvu kila asubuhi anajua hivyo. Anamficha kwa sababu anaogopa, na hofu yake ina msingi. Huko Cameroon hofu hiyohiyo imewafanya akina mama kuyakandamiza matiti ya binti zao kwa mawe ya moto ili wanaume wasiwaone kuwa wamekua. Huo ni upendo uliokosa msaada, na unajeruhi tishu changa ambayo haikuwa na kosa.

Wakati huku wengine wanayazuia, kule wengine wanayaharakisha. Mwaka 2005 watafiti Ruth Kutalek na Afework Kassa walichapisha makala kuhusu mchezo wa siku nyingi wa wasichana wa Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo: kukamata wale wadudu weusi wanaozungukazunguka juu ya maji yaliyotulia na kuwaweka kwenye chuchu wang'ate, ili matiti yaote. Bibi wengi wakisoma hapa watacheka, maana walifanya. Na wataapa kwamba yaliota. Yaliota, kwa kuwa mtoto wa miaka 10 au 11 anayekwenda mtoni kutafuta mdudu huyo amekwishafika umri ambao titi linaanza lenyewe. Mdudu alipata sifa ya kazi ya homoni.

Mdudu yule angalau hakuuzwa. Siku hizi msichana mwenye simu hupata matangazo ya krimu, vidonge na mafuta ya kukuza matiti, ya kuyasimamisha yawe saa sita, kama vijana wanavyosema, ya kuondoa ndala. Wapo wanaouza unga wa uwatu. Wapo wanaotaja tunda refu la mvungunya, mti unaoonekana hadi Manyara, ambalo bichi lina sumu. Hakuna krimu iliyothibitika kukuza titi. Zilizo na homoni huvuruga hedhi. Zilizochanganywa na dawa kali za ngozi, zile za kundi la steroidi, huikondesha ngozi ikabaki na michirizi isiyofutika. Msichana anayevuna vitunguu Mang'ola kwa kibarua cha siku akatoa ujira wa wiki kununua kopo lisilo na namba ya usajili anastahili kulindwa kama anavyolindwa mnunuzi wa dawa ya malaria. Sioni kwa nini ulaghai huu tunauona wa kawaida kwa sababu tu aliyelaghaiwa ana aibu ya kulalamika.

Kuna jambo jingine ambalo Karatu inapaswa kulifahamu kuliko wilaya nyingi. Hapa ndipo alipozaliwa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, na tangu enzi zake nyanda hizi hadi Mbulu zinatoa wakimbiaji, wa kike wakiwemo. Binti anayekimbia kilomita nyingi kila alfajiri na kurudi kwenye uji mwepesi hutumia nguvu nyingi kuliko anazoingiza. Mwili ukikosa akiba huahirisha mambo ambayo si ya kuokoa maisha leo: hedhi huchelewa au hukatika, matiti hukoma kukua au husinyaa, mifupa hudhoofika. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilitoa tamko juu ya hali hii mwaka 2014. Kocha anayeona hedhi kukatika kuwa dalili ya mazoezi mazuri anamharibia mwanariadha wake, na dawa ya kwanza hapo ni chakula cha kutosha, kisha daktari. Njaa ya kawaida, ile ya ukame unaomaliza ng'ombe na maziwa yao, hufanya vivyo hivyo bila mtu kukimbia hata hatua moja.

Sasa nifike mahali panaponiuma zaidi. Matiti makubwa, au yaliyolala mapema, husomwa huku kwetu kama ushahidi. Huambiwa binti ameguswaguswa, amezaa kwa siri, ametoa mimba. Titi hulala kwa sababu ya uzito wake, urithi, ngozi, kukonda baada ya kunenepa. Mikono ya mwanamume haina nafasi katika orodha hiyo. Lakini tuhuma hiyo huharibu jina la msichana ambaye hajafanya lolote, na huwa nzito zaidi pale chuchu inapotoa majimaji meupe kama maziwa. Majimaji hayo yanaweza kutoka kwa binti ambaye hajawahi kubeba mimba. Tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni ya maziwa, na ikizidi, matiti huitikia. Zipo dawa zinazoizidisha, ikiwemo metoklopramidi inayotolewa kuzuia kutapika, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Tezi ya shingoni ikilegea inaweza kuizidisha pia. Mara chache huwa ni uvimbe mdogo kwenye ile tezi ya chini ya ubongo, unaotibika kwa vidonge, na ambao usipotibiwa unaweza kubana mishipa ya macho.

Katika shule zetu wasichana walikuwa wakipimwa mimba kwa lazima na waliokutwa nayo wakifukuzwa. Ripoti ya mwaka 2013 ya Center for Reproductive Rights ililieleza jambo hilo kwa kina, na ni Novemba 2021 tu Serikali ilipotangaza kwamba anayejifungua anaweza kurudi darasani. Katika hali hiyo, nani angethubutu kumwambia matroni kwamba chuchu yake inatoa maziwa? Angejiweka kitanzi mwenyewe. Basi akanyamaza, akaweka kitambaa ndani ya sidiria, na maumivu ya kichwa yakaendelea. Hili ndilo linalonifanya niandike: aibu inaficha afya njema kwa wengi, na kwa wachache inaficha ugonjwa wenye tiba.

Uvimbe nao ni hivyo. Binti wa miaka 18 akigusa kitu kigumu kama gololi kinachoteleza chini ya vidole, wazo la kwanza ni saratani, la pili ni kurogwa. Kwa umri wake uvimbe wa aina hiyo kwa kawaida si saratani. Ni mkusanyiko wa tishu za titi lenyewe, unaojitokeza zaidi kwa wasichana na wanawake vijana, na kwa watu weusi huonekana mara nyingi kuliko wengine. Mwingine hubaki ulivyo, mwingine hunywea, unaokua sana huondolewa. Saratani ya matiti chini ya miaka 20 ni adimu mno. Hata hivyo uvimbe wowote unaodumu uonwe na mhudumu, kwa sababu saratani hiyo ni ya pili kwa wanawake wa Tanzania baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi hufika hospitali imekwishasambaa. Mazoea ya kunyamaza huanza ujanani. Aliyefundishwa akiwa na miaka 17 kwamba titi halisemwi, atanyamaza pia akiwa na miaka 45.

Kwa kijana kipimo kinachofaa ni ultrasaundi, kisicho na mionzi wala maumivu, na kinapatikana mjini Karatu. Pana hospitali ya Kilutheri, na pana FAME, iliyoanzishwa na daktari Mmarekani Frank Artress na mkewe Susan. Ndani ya hifadhi ya Ngorongoro kuna huduma za afya Endulen, na upande wa Loliondo iko hospitali ya Wasso. Ikibidi kuendelea mbele, rufaa huenda Arusha au hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa binti wa Endulen au Nainokanoka safari ya mjini maana yake ni kupita ukingo wa kreta hadi Lango la Lodoare na nauli ambayo lazima aiombe kwa mtu, na kuiomba maana yake ni kutaja sababu. Mhudumu wa afya wa kijiji, hasa akiwa mwanamke, anaweza kuwa huyo mtu.

Aende lini? Akifika miaka 13 bila dalili yoyote ya titi, au 15 bila hedhi, hasa akiwa mfupi sana kuliko dada zake, kwa kuwa zipo hali za kuzaliwa nazo kama ya Turner, inayompata msichana mmoja kati ya takriban 2,000 hadi 2,500, ambazo hugunduliwa hapo na kutibiwa kwa homoni. Matiti yakianza kabla ya miaka 8. Titi likikua kwa kasi isiyosimama mpaka mgongo unauma na mabega yana alama za mkanda. Majimaji yakitoka, na bila kusubiri yakiwa ya damu. Ngozi ikibonyea, chuchu ikiingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, kwapa likiota uvimbe, titi likiwa jekundu na homa juu.

Tangu Aprili 2018 nchi hii inawachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, ikianza na wa miaka 14, na muuguzi huja hadi shuleni na boksi lake la barafu. Mabinti hupangwa mstari, hukunja mkono wa sweta, huchomwa, huondoka. Ningependa siku hiyo wavulana na walimu wa kiume watoke nje kwa nusu saa, mlango ufungwe, na muuguzi aseme mambo machache niliyoyaandika hapa. Kisha apitishe vipande vya karatasi visivyo na jina ili kila mmoja aandike swali lake, na ayasome yote kwa sauti, moja baada ya jingine, na kuyajibu. Wasichana wenyewe watasikia ni wangapi waliuliza swali lilelile.

Na atakayehitaji kupimwa aambiwe mapema yatakayotokea. Anaruhusiwa kuomba mhudumu wa kike. Anaruhusiwa kuingia na mama, dada au rafiki. Atafunua kifua tu, nyuma ya pazia, na daktari atamweleza kabla ya kumgusa. Akiona jambo halimwingii akilini anaweza kusema asubiriwe. Kipimo chenyewe huchukua dakika chache. Akitoka hapo, ni yeye atakayeamua nyumbani amwambie nani.